Sarafu ya Zamani: Asili, ya Kuchovya au Iliyochezewa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sarafu bandia, sarafu iliyochezewa na sarafu ya kuchovya si kitu kimoja?

Hapana, na kuzichanganya ndiko kunakowapoteza wengi. Sarafu bandia haikugongwa na mamlaka iliyotajwa usoni mwake. Iliyochezewa ilitoka kiwandani kihalali, kisha mtu akaibadili: akafuta herufi, akachonga tarakimu, akaziba tundu, akaisugua ionekane mpya. Ya kuchovya imevikwa ngozi nyembamba ya metali nyingine, na aliyeivika anaweza kuwa sonara, tapeli, mwanafunzi wa kemia, au hata kiwanda chenyewe cha serikali.

Kwa hiyo swali la "ni feki au si feki?" ni finyu. Kila sarafu naiuliza mambo matatu, kwa mpangilio huu: imetengenezwa kwa metali gani, nani aliigonga, na imefanyiwa nini tangu itoke kiwandani. Sarafu nyingi hupita mawili ya kwanza na kukwama kwenye la tatu.

Nahitaji vifaa gani?

Mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kipimo cha kipenyo na unene (vernia ya kawaida inatosha), lensi inayokuza mara 10, sumaku yenye nguvu, na taa moja unayoweza kuisogeza. Ongeza katalogi inayotaja uzito, kipenyo na metali ya kila sarafu. Bila katalogi, vifaa hivyo vingine vitakupa namba tu usizojua maana yake.

Lensi inayokuza mara 30 au 40 usiikimbilie. Inaonyesha mikwaruzo mingi kiasi kwamba kila sarafu itaonekana ya kutiliwa shaka.

Uzito unaniambia nini hasa?

Mengi kuliko kipimo kingine chochote cha nyumbani. Viwanda vya sarafu za dhahabu na fedha vilibanwa na sheria kuhusu uzito, kwa sababu thamani ya sarafu ilikuwa ni metali yake. Sovereini, sarafu ya dhahabu ya Uingereza, ina gramu 7.988 na kipenyo cha milimita 22.05. Dola ya fedha ya Marekani ya aina ya Morgan ina gramu 26.73 na milimita 38.1. Thala ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ina gramu 28.07. Iliyochakaa itapungua kidogo, hilo ni jambo la kawaida. Iliyozidi uzito inatisha zaidi, maana matumizi hayaongezi metali.

Anayeghushi hubanwa na hesabu. Dhahabu safi ina msongamano wa gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, fedha 10.5, risasi 11.3, shaba karibu 9, bati 7.3, zinki 7.1. Akitumia shaba badala ya dhahabu, ama uzito utapungua, ama sarafu itakuwa nene, ama itakuwa pana. Moja kati ya hayo lazima limsaliti. Ndiyo sababu nasisitiza upime vyote vitatu: uzito peke yake unaweza kulinganishwa, uzito pamoja na kipenyo na unene ni vigumu.

Mwaka 1883 Marekani ilitoa sarafu mpya ya nikeli ya senti tano yenye V kubwa nyuma, bila neno "senti" popote. Kipenyo chake, milimita 21.2, kilikaribia sana kile cha sarafu ya dhahabu ya dola tano, milimita 21.6. Wajanja walizichovya dhahabu, wengine wakazichonga meno pembezoni, wakazipitisha kama dola tano. Serikali iliongeza neno hilo mwaka huohuo. Mizani ingewaumbua papo hapo: ya nikeli ina gramu 5, ya dhahabu gramu 8.36. Leo sarafu hizo zilizochovywa zina wakusanyaji wake, ila karibu haiwezekani kujua ipi ilichovywa 1883 na ipi imechovywa juzi.

Sumaku ikivuta, ni bandia?

Dhahabu, fedha na shaba hazivutwi. Kwa hiyo "dola ya fedha" inayong'ang'ania sumaku imemaliza kesi yake. Lakini zipo sarafu halali zinazovutwa: senti tano za Kanada za nikeli tupu zilizoanza 1922, senti za Marekani za 1943 za chuma kilichovikwa zinki, peni moja na peni mbili za Uingereza kuanzia 1992, na senti ndogo za yuro, ambazo ni chuma kilichovikwa shaba.

Kutovutwa nako hakuthibitishi kitu. Shaba, risasi, zinki na mchanganyiko wa shaba na nikeli vyote havivutwi, na waghushi wanalijua hilo. Jaribu jingine lenye faida: ilaze sumaku ya neodimiamu juu ya sarafu kubwa ya fedha, kisha iinamishe sarafu. Sumaku itateleza polepole, kwa sababu fedha hupitisha umeme vizuri sana na mwendo wa sumaku huzalisha ndani yake mikondo inayoipinga. Juu ya risasi, au mchanganyiko wa shaba na nikeli, itashuka kwa kasi zaidi.

Kipimo cha maji kinafanywaje?

Pima sarafu ikiwa kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Namba utakayoona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Dola ya Morgan ya kweli ya gramu 26.73 itasukuma kama gramu 2.59, na jibu ni 10.3, sawa kabisa na fedha ya asilimia 90. Ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasukuma kama gramu 3.00, na jibu ni 8.9. Ondoa viputo vya hewa kabla ya kusoma, na usitegemee njia hii kwa sarafu ndogo sana: kosa la gramu 0.02 linaharibu hesabu yote. Mtego wake mkubwa ni tungsteni, yenye msongamano wa 19.25, karibu sawa na dhahabu safi.

Nitaijuaje sarafu ya kuchovya kwa macho?

Anza na sehemu zilizoinuka: shavu, nywele juu ya sikio, ukingo, ncha za herufi. Hapo ndipo ngozi huliwa kwanza, na rangi ya ndani hutokeza. Ikiwa fedha inageuka wekundu pale tu paliposuguliwa sana, ndani kuna shaba.

Kisha tazama uhusiano kati ya uchakavu na mng'ao. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu miaka mingi huwa imefifia kwenye sehemu za juu, na mng'ao, kama umebaki, umejificha kwenye mashimo ya herufi. Iliyochovywa baada ya kuchakaa inang'aa sawasawa kila mahali, juu ya mikwaruzo na ndani ya mikwaruzo, kama mlango wa zamani uliopakwa rangi bila kupigwa msasa. Uchafu uliokuwa kwenye kona za herufi nao unakuwa umefunikwa. Nikiona nywele zimelika zote lakini uwanja, yaani sehemu tambarare isiyo na picha wala maandishi, unametameta, sihitaji tena lensi.

Baada ya hapo, pembezoni. Watu wengi hawaangalii pembezoni, na wachovyaji wengi pia hawakupasumbukia. Tafuta rangi mbili, tafuta ngozi iliyokusanyika kati ya meno, tafuta mahali waya au kishikizo kilipogusa sarafu wakati wa kuchovywa. Mwisho tafuta malengelenge: vijipu vidogo ambapo ngozi imeachana na kilicho chini. Hapa kuwa mwangalifu, kwa sababu senti za Marekani kuanzia 1982, ambazo ni zinki iliyovikwa shaba, hutoka kiwandani na malengelenge yake halali.

Rangi pekee isikuhukumie sarafu. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo tu, na za Uingereza za 1920 hadi 1946 nusu. Zikichakaa hupata umanjano usiopendeza ambao mgeni huudhania kuwa shaba inachungulia. Hiyo ndiyo rangi ya mchanganyiko wenyewe.

Basi kila sarafu ya kuchovya ni ya tapeli?

La hasha, na hili ndilo eneo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii.

Serikali zenyewe zimechovya. Roma ilipoishiwa fedha katika karne ya 3, sarafu ya antoniniani ilipunguzwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 260 ikabaki na fedha chini ya asilimia 5, ikapewa utando mwembamba wa fedha ili ipokelewe sokoni. Nyingi leo ni za kahawia tupu. Iliyobaki na utando wake inatafutwa sana. Huko Uingereza, Mfalme Henry VIII alishusha fedha kwenye sarafu zake za miaka ya 1540 hadi theluthi moja. Kwa kuwa picha yake ilimtazama mtu uso kwa uso, pua ndiyo iliyoinuka zaidi na ndiyo iliyoliwa kwanza, ikawa nyekundu. Watu wakambandika jina la mzee mwenye pua ya shaba. Ukikutana na sarafu hiyo yenye pua nyekundu, usiitupe.

Halafu zipo bandia za zamani zileile. Mafundi wa Ugiriki na Roma walikivika kiini cha shaba karatasi nyembamba ya fedha, wakakipasha moto, kisha wakakigonga. Ukiona ganda la fedha limepasuka na kutu ya kijani inatoka chini yake, hiyo ndiyo. Wafanyabiashara wa wakati huo walijibu kwa kukata: ndiyo sababu sarafu nyingi za fedha za Athens zenye picha ya bundi zina jeraha la patasi. Roma ilitoa pia denari, sarafu zake za fedha, zenye ukingo wa misumeno, na wapo wanaosema ilikuwa kuonyesha kwamba ndani ni fedha. Hata hizo zimepatikana zenye kiini cha shaba. Bandia ya miaka elfu mbili ni kipande cha historia, nami ningeinunua kwa furaha, mradi iuzwe kwa jina lake.

Nina senti ya shaba yenye rangi ya fedha. Ni makosa ya kiwanda?

Karibu kila mara ni jaribio la kemia la shuleni. Senti ya shaba huvikwa zinki ikawa kama fedha; ikipashwa moto, zinki na shaba huungana kuwa shaba ya njano na sarafu ikaonekana ya dhahabu. Zipo pia za zamani zilizosuguliwa zebaki. Hizo zina mng'ao wa kijivu unaoteleza. Usizishike mikono mitupu wala kuzipasha moto, zebaki ni sumu.

Na senti ya shaba ya 1943?

Mwaka huo Marekani ilihitaji shaba kwa ajili ya vita, ikagonga senti za chuma kilichovikwa zinki, zenye gramu 2.70. Chache mno ziligongwa kwa bahati mbaya kwenye vipande vya bronzi, na bei zake ndizo zimezaa tamaa yote hii.

Sumaku kwanza. Ikivuta, ni ya chuma iliyochovywa shaba. Isipovuta, pima: ya bronzi ina gramu 3.11. Ikiwa uzito uko sawa, kaza macho kwenye tarakimu 3. Ya kweli ina mkia mrefu unaoshuka chini. Ile iliyopatikana kwa kukata upande wa kushoto wa 8 ya mwaka 1948 ni fupi na imejikunja. Ikipita na hapo, usiisafishe, usiihangaikie zaidi, ipeleke kwa wataalamu.

Tarakimu na herufi za kiwanda hughushiwa vipi?

Kwa njia tatu: kuongeza, kuondoa na kuchonga upya.

Kuongeza hufanywa pale ambapo herufi moja ndogo inaigeuza sarafu ya kawaida kuwa adimu. Mfano maarufu ni daimu (senti kumi) ya Marekani ya 1916 yenye D ya kiwanda cha Denver. Ziligongwa 264,000 tu, ilhali za Philadelphia za mwaka uleule, zisizo na herufi, ni mamilioni. Herufi huchongwa pembeni na kugandishwa. Chini ya lensi, izungushe sarafu chini ya taa na utazame mahali herufi inapokutana na uwanja. Iliyogongwa huinuka kutoka kwenye uwanja bila mpaka, na mng'ao hupita juu yake bila kukatika. Ya kubandikwa ina mstari mwembamba, gundi, au kivuli cha rangi tofauti. Kwenye sarafu nene kuna hila nyingine: tundu hutobolewa kutoka pembezoni, metali ikasukumwa juu kutokea ndani ikawa herufi, kisha tundu likazibwa. Ndiyo pembezoni tena.

Kuondoa huacha uwanja uliokwaruzwa au kupigwa msasa. Senti za Marekani za 1922 ziligongwa Denver peke yake, kwa hiyo zote zilipaswa kuwa na D. Zilizokosa ni kwa sababu ya mihuri, yaani vyuma vya kugongea sarafu, iliyochakaa au kuzibwa. Anayeparua D kutoka kwenye sarafu ya kawaida huacha shimo dogo au weupe pale ilipokuwa.

Kuchonga upya kunakamatwa kwa kuijua sarafu vizuri kuliko aliyeichonga. Senti ya 1914 yenye D ni adimu, na watu huitengeneza kutoka ya 1944 yenye D kwa kupunguza 4 ya kwanza iwe 1. Mawili huwaumbua. Nafasi kati ya 9 na hiyo 1 mpya inakuwa pana mno. Na herufi V.D.B. za msanii Victor David Brenner, zilizoondolewa 1909, zilirudi mwaka 1918 kwenye bega la Rais Lincoln, ambaye picha yake iko kwenye senti hiyo. "1914" yenye herufi hizo begani imejikana yenyewe.

Iliyosubiwa kwenye kalibu inatofautianaje na iliyogongwa?

Kugonga hulazimisha metali iingie kila pembe ya muhuri, kwa hiyo herufi zina kingo kali na uwanja umetulia. Kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyuka kwenye kalibu, huacha vitundu vya hewa, herufi za mviringo kama zilizolainika kwa joto, na mara nyingi mshono pembezoni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama za tupa iliyojaribu kuuondoa. Kitu kilichosubiwa hupungua kidogo kikipoa, hivyo kipenyo nacho hukosea.

Bandia bora zaidi hugongwa kwa mihuri iliyonakiliwa kutoka sarafu ya kweli. Hizo hurithi hata mikwaruzo ya mama yao. Ukiona sarafu mbili zenye kovu lilelile mahali palepale, zote mbili ziko mashakani. Ustadi wa kughushi nao si wa leo: Giovanni da Cavino wa Padua aliiga medali za Kiroma katika karne ya 16, na Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki 1830, alichonga mihuri ya sarafu za kale iliyowahadaa wakusanyaji wa wakati wake.

Niisafishe ili niione vizuri?

Usifanye hivyo. Limau, majivu, dawa ya meno na soda vyote hula uso wa sarafu, na uso ukishaondoka haurudi. Utandu wa fedha hujengeka polepole, manjano, bluu, zambarau hadi mweusi, na ni ushahidi mzuri wa umri. Wapo wanaosugua sarafu kwa brashi ya waya ipate mng'ao wa uongo: chini ya lensi utaona mistari midogo sambamba, na metali iliyosukumwa ikajikusanya kando ya herufi.

Ninachokubali ni asetoni safi, bila kusugua, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Haigusi metali, lakini huyeyusha gundi, vanishi, na utandu wa kupakwa. "Kutu ya kale" inayobaki kwenye pamba haikuwa ya kale. Ila unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukifutwa kwenye shaba ni ugonjwa unaoletwa na kloridi na unyevu. Itenge sarafu hiyo mahali pakavu.

Thala yangu ya Maria Theresa imeandikwa 1780. Ni ya mwaka huo kweli?

Yaelekea sivyo. Malkia huyo alifariki 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Arabuni, Ethiopia na pwani ya Bahari ya Hindi waliikubali hiyo tu, iliendelea kugongwa kwa mwaka uleule: Vienna, na kwa vipindi tofauti London, Rome, Paris na Bombay. Yako inaweza kuwa ya juzi na bado ikawa halali, yenye fedha 833 kwa 1000. Ya kughushi hujulikana zaidi pembezoni, ambapo maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yanapaswa kuinuka na kusomeka.

Sarafu yenye kichwa pande zote mbili ina thamani gani?

Ni kifaa cha mazingaombwe. Sarafu moja huchimbwa, nyingine hupunguzwa na kuchomekwa ndani. Tafuta mshono wa mviringo ndani ya ukingo.

Mashine ya eksirei ya sonara ikisema dhahabu, nimalize?

Bado. Mashine hiyo husoma uso tu, na ngozi nene ya dhahabu inaweza kuidanganya. Iunganishe na uzito, unene na kipimo cha maji.

Iliyofungwa kwenye kasha la plastiki lenye cheti ni salama?

Ni salama zaidi, lakini makasha nayo hughushiwa. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyoithibitisha, na kama kuna picha, linganisha kovu kwa kovu.

Niondoe dhahabu iliyochovywa juu ya sarafu yangu halali?

Hapana. Asidi na umeme vitachukua pia uso uliopo chini, nawe utabaki na sarafu iliyoharibiwa mara mbili.

Nikigundua ninayo iliyochezewa, niitupe?

Ihifadhi. Ya kweli na ya kughushi zikilazwa pamoja chini ya taa zinafundisha kuliko picha yoyote. Iweke kwenye bahasha yake, andika juu kwa penseli kilichofanyika na ulivyokijua, ili atakayeirithi asiiuze kwa jina lisilo lake. Kwa nakala za kisasa, sheria ya Marekani ya 1973 inataka zigongwe neno COPY. Wauzaji wengine hulifuta au kulijaza, kwa hiyo ukiona eneo dogo lililolainishwa kwenye uwanja, kwa urefu wa kutosha herufi nne, ligeuze kwenye taa kutoka pande zote kabla hujatoa pesa.